Batri ya Lori Ndani ya Nyumba

Mto Ruzizi unatoka ziwani hapa kwetu na kuzungusha mitambo ya umeme, lakini Ibanda, Kadutu na Bagira umeme wa shirika la SNEL hukatika mara kwa mara. Ndiyo maana nyumba nyingi zina batri ya lori, inayochajiwa kwa sola au kwa mashine.

Batri hiyo ikichajiwa hutoa haidrojeni, gesi isiyo na harufu, na cheche moja tu inaweza kuilipua. Basi mama, baba, msiiweke chini ya kitanda wala karibu na jiko la mbabula. Iwekeni penye hewa, watoto wasipofika. Zimeni chaja kwanza, ndipo mchomoe nyaya.

Batri ya Ah 100 ichajiwe kwa ampea 10 hivi. Kuiharakisha ni kuiua. Ikiwa imejaa na kupumzika, huonyesha takriban volti 12.7. Ikishuka hadi 12.2, nusu imekwisha: zima televisheni, chaji. Batri ya lori imeundwa kuwasha injini, si kukeshesha taa, na kuimaliza kabisa kila usiku huiharibu upesi.

Ikiwa ina vifuniko, ongeza maji safi ya batri baada ya kuchaji, kamwe si ya bomba wala ya ziwa. Asidi usiongeze. Ikikurukia jichoni, osha kwa maji mengi dakika 15 au zaidi, kisha kimbilia hospitali.

Jirani anayelala chumba kimoja na batri, tafadhali mwambieni leo hii.