Kifurushi cha Kutumia na Kifurushi cha Kujengea

Jioni ya leo nataka tuzungumze habari ya jambo linalowavunja moyo wengi wanaojifunza kuunda programu za kompyuta. Mimi mwenyewe karibu liniachishe kazi hii.

Nilipoanza kujifundisha nilipata kompyuta kuukuu, nikaitia Debian, mfumo wa bure ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Nikaandika programu fupi ya kubana mafaili, nayo ilihitaji msaada wa zlib. Hiyo zlib ni maktaba ya programu iliyotungwa na Jean-loup Gailly na Mark Adler, ikatolewa mwaka 1995. Nilijua kwa hakika kwamba imo ndani ya mashine, maana programu nyingine zilikuwa zikiitumia. Lakini kila nilipoiita kompaila, yaani ile programu igeuzayo maandishi yetu kuwa amri za mashine, ilinijibu kwamba haioni faili liitwalo zlib.h. Nikafuta mfumo wote nikautia upya, tena mara mbili! Bando la intaneti la mwezi mzima likaisha, na kosa likabaki pale pale.

Sababu yake ni hii. Fikiri juu ya redio unayosikiliza sasa. Wewe msikilizaji huhitaji mchoro wa nyaya zake. Lakini fundi atakaye kuiunganisha na spika nyingine hawezi kufanya kazi bila kujua waya upi uende wapi. Basi Debian humpa kila mtu redio, na mchoro humpa fundi auombaye. Kifurushi cha zlib1g kina maktaba yenyewe, nacho chatosha kwa kuendeshea programu zilizokwisha kujengwa. Kifurushi cha zlib1g-dev kina lile faili la zlib.h, linaloieleza kompaila kazi zilizomo katika maktaba na namna ya kuziita, pamoja na vifaa vingine vya kuungia. (Ile herufi g ni masalio ya miaka ya 1990, Debian ilipohamia maktaba mpya ya msingi ya lugha ya C. Majina ya kale hayafi upesi.)

Angalia usije ukachanganya: kifurushi cha dev si maandishi asilia ya zlib. Hayo huchukuliwa mahali pengine, na mara nyingi huna haja nayo.

Utauliza, kwa nini wasiweke vyote pamoja? Arch Linux hufanya hivyo, na mwanafunzi wa Arch hapati taabu niliyoipata mimi. Nafasi inayookolewa yaweza kuwa ndogo, ingawa kwa mashine nyingi zisizojenga kitu ni faida. Kwangu mimi sababu yenye nguvu zaidi ni nyingine. Debian 11 ya mwaka 2021 ilikuwa na libssl1.1, na Debian 12 ya mwaka 2023 ikaja na libssl3. Kwa kuwa namba imo katika jina, na mafaili yao hayagongani, vifurushi hivyo viwili vyaweza kukaa pamoja katika mashine moja. Programu ya zamani ikaendelea na ya zamani, mpya ikatumia mpya. Lakini libssl-dev haina namba, nayo huwa moja tu. Kama michoro ingefungwa pamoja na maktaba, mafaili ya jina moja yangegongana, na mtumiaji asiyejenga chochote angeshindwa kuweka zote mbili.

Kwa hiyo ukiambiwa kwamba faili lenye mwisho wa .h halionekani, usifute mfumo wako. Tafuta kifurushi chenye mwisho wa -dev. Katika Fedora mwisho huo ni -devel. Likikosekana Python.h, omba python3-dev. Kwa zlib andika: sudo apt install zlib1g-dev. Kifurushi hicho kitamvuta mwenzake wa toleo lile lile, nawe hutahangaika kuvilinganisha.

Zoezi la juma hili: andika dpkg -L zlib1g, kisha dpkg -L zlib1g-dev. Weka orodha hizo mbili sambamba katika daftari lako, utie alama penye zlib.h. Kwaherini.