Hukumu si Adhabu



Huku kwetu Handeni na Korogwe, mtu akisema, "Fulani amepata hukumu," wengi wetu huelewa kwamba amefungwa. Tumezoea kulichukua neno hukumu kuwa ni adhabu. Lakini katika sheria, hukumu ni uamuzi wa mahakama baada ya kuzisikiliza pande zote mbili, pamoja na sababu za uamuzi huo. Adhabu hufuata tu iwapo mshtakiwa ameonekana ana hatia. Asipoonekana na hatia, hukumu hiyohiyo ndiyo inayomwachia huru.

Neno lenyewe latufundisha. Hukumu, hakimu, mahakama na hekima ni ndugu wa shina moja la Kiarabu. Basi hukumu isiyo na hekima imeukana ukoo wake.

Sababu ni jambo kubwa, kwani aliyeshindwa asipozielewa atakataje rufani? Kutoka Mahakama ya Mwanzo, rufani hupelekwa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Ndiyo maana tulifurahi mwaka 2021, sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu zote.

Sasa tujitazame wenyewe. Mtoto anapougua ghafla, au mahindi yanapoliwa na ng'ombe usiku, mara ngapi jina la mtu hutajwa kabla swali halijaulizwa? Bibi kizee huitwa mchawi kisimani. Mfugaji huitwa mwizi kilabuni. Hakuitwa, hakusikilizwa, wala hakuelezwa sababu. Hiyo si hukumu, bali ni adhabu iliyoitangulia hukumu, na anayeipata hana pa kukata rufani. Katiba yetu, ibara ya 13, yakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla ya kuthibitika kwa kosa lake. Je, Mkristo apungukiwe na haki ambayo Katiba inaidai?

Katika Injili ya Yohane, sura ya 7, wakuu walikuwa wamekwisha kumkataa Bwana wetu. Nikodemo peke yake aliwauliza kama sheria yao humhukumu mtu bila kumsikiliza. Walimdhihaki, lakini swali lake halikujibiwa.

Makatekista na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, tulichukue swali hilo juma hili. Jina la jirani likitajwa kwa ubaya mbele yetu, tuulize: amesikilizwa? Nani ameona? Nasi pia tutasimama siku moja mbele ya Hakimu wa wote, tukihitaji kusikilizwa.

Mungu atujalie hekima. Amina.