Kabla ya Kununua Betri, Tazama Viungo vya Waya
(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama, Kakamega)



Katika mikutano yetu huzungumza juu ya mishahara, saa za kazi na malipo ya uzeeni, na hayo ni ya lazima. Leo naomba tuzungumze juu ya fedha inayotoka mfukoni baada ya mshahara kupatikana, na juu ya usalama wa mtu anayerudi nyumbani usiku. Habari yenyewe ni betri na waya za pikipiki.

Mwajua kwamba reli haifiki mjini hapa Kakamega. Njia ya tawi inayotoka Kisumu hupita Maseno, Luanda na Yala, ikaishia Butere. Basi mwenzetu anayekaa huku na kufanya kazi ya zamu hutegemea pikipiki. Wengine wamenunua kwa mkopo wa ushirika, na siku za mapumziko huifanyia kazi ya boda boda ili wapate karo ya watoto. Pikipiki hiyo ikilala siku moja, nyumba nzima huona.

Sasa taa ikififia na stata ikinung'unika tu, neno la kwanza unaloambiwa barabarani ni hili: "Betri imekufa, nunua nyingine." Mara nyingi si kweli. Betri ni nzima, lakini kiungo cha waya kimelegea au kimeshika kutu. Mtu hununua betri mpya, na kwa sababu fundi ameifungua na kuikaza nati, pikipiki huwaka. Baada ya mvua za mwezi mmoja ugonjwa hurudi, na fedha imekwisha kwenda.

Tufahamu kwanza njia ya umeme. Hutoka kwenye ncha ya betri yenye alama ya kujumlisha, ambayo waya wake ni mwekundu. Hupita fyuzi, swichi, kisha taa au honi. Halafu hurudi kwa fremu ya chuma mpaka ncha ya kutoa, kwa ule waya tunaouita arthi. Ni kama njia ya reli: pahali pamoja pakiharibika, gari halipiti hata kama injini ina nguvu.

Na kiungo kibovu hakizuii tu, bali huchoma. Tufanye hesabu. Stata ikivuta ampea 20, na kiungo kikawa na uzuio wa sehemu moja ya kumi ya omu, volti 2 hupotea hapo hapo. Volti 2 mara ampea 20 ni wati 40 za joto, kupita balbu ya mbele ya wati 35. Joto hilo lote liko chini ya kiti chako, karibu na tangi la petroli.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, pima. Mita ndogo ya umeme yatosha. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha karibu 12.6 au 12.7. Ikionyesha 12 tu, imekaribia kwisha. Washa injini, uongeze moto kidogo: yafaa ipande kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, kosa liko katika kuchaji, mpelekee fundi. Ikiwa betri yaonyesha 12.6 lakini kwenye waya za taa, taa ikiwaka, ni 10 tu, kosa ni la waya au viungo. Na ikiwa betri ilichajiwa usiku kucha, ikalala bila kutumiwa, na kesho yake imeanguka chini ya 12, hapo ndipo useme imekufa.

Sasa kazi yenyewe. Zima swichi. Fungua kwanza waya wa kutoa, ule mweusi, na wakati wa kurudisha uufunge mwisho. Sababu ni hii: fremu yote imeungana na upande wa kutoa. Ukianza na mwekundu, na spana ikagusa fremu, umeme wote wa betri utapita katika spana, na mkono wako utaungua.

Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye ncha, hiyo ndiyo kutu ya tindikali. Koroga kijiko kimoja cha soda ya kuokea mikate katika kikombe cha maji, upake kwa mswaki mzee. Ikiwa betri ni ya kuongeza maji, angalia soda isiingie katika matundu yake. Suuza, kausha, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza nati, halafu paka grisi kidogo juu. Hapa kwetu mvua ya mwaka hukaribia milimita 2,000, na kiungo kisichopakwa kitu hakikai.

Watu wengi husahau upande wa pili wa arthi, pale inapofungwa kwenye fremu. Kwangua rangi na kutu mpaka chuma kionekane, kisha kaza. Taa nyingi "zilizokufa" hufufuka hapo.

Waya iliyokatika isisokotwe na kufungwa tepu peke yake, kwa maana maji huingia na tepu hulegea kwa joto. Vua ganda la waya kama sentimita 2 kila upande, vika kwanza mpira wa kufunikia, sokota, kisha lehemu kwa risasi yenye ulimbo, si kwa dawa ya tindikali ya wahunzi wa mabati, kwa kuwa hiyo hula waya. Tumia waya wa unene ule ule. Lakini pale shingoni, ambapo waya hupindika kila ukigeuza usukani, usiweke kiungo cha kulehemu. Risasi huufanya waya kuwa mkavu, nao utakatika kando yake. Hapo weka waya mzima, uupe nafasi ya kucheza.

Ndugu zangu, sasa nasema jambo lililo zito kuliko yote. Fyuzi ikikatika, wengine huweka kipande cha waya, au karatasi ya fedha ya sigara. Fyuzi imewekwa ikatike yenyewe ili waya zisiungue. Ukiiondolea kazi hiyo, kitakachoungua ni waya, kiti, na pengine abiria. Weka fyuzi ya kiwango kile kile, na ikikatika tena tafuta sababu. Mara nyingi ni redio, taa za mapambo, au waya wa kuchaji simu uliosokotwa juu ya waya wa taa ya mbele. Kila kitu cha kuongeza kiwe na fyuzi yake.

Usifanye kazi hii karibu na jiko la mkaa wala sigara, maana betri inapochajiwa hutoa hewa inayolipuka. Tindikali ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi robo saa nzima, kisha uende hospitali. Na zile pikipiki mpya zinazokwenda kwa umeme mtupu msizifungue nyumbani. Betri zake ni nyingine, na nguvu yake ni kubwa zaidi.

Betri iliyokufa kweli isivunjwe uani. Ndani mna risasi, sumu ya watoto. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilidhuru kijiji kizima. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanya kazi wa kiwanda hicho, mtoto wake mwenyewe alionekana na risasi mwilini, naye akasimama kuwatetea wenzake. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Rudisheni betri nzee dukani au kwa mnunuzi mwenye kibali.

Bwana Mwenyekiti, namaliza kwa ombi. Mita moja, koleo la kubania vichwa vya waya na chuma cha kulehemu ni ghali kwa mtu mmoja, lakini kwa tawi si mzigo. Naomba tawi livinunue, katibu avitunze na daftari la kuazima, na wale wanaofanya kazi ya waya za magari yetu ya reli watufundishe Jumamosi moja kila mwezi. Waya hizo wanazijua kuliko fundi yeyote wa barabarani. Mwenzetu wa zamu ya usiku akienda bila taa katika barabara ya Kisumu, rambirambi zetu za kesho hazitamsaidia.

Ombi hili nalileta mbele yenu lipigiwe kura.