Breki inaposhika na kukataa kuachia

Barabara ya kushuka kutoka Lushoto kwenda Mombo ni kona juu ya kona, mlima upande huu na korongo upande ule. Huko ndiko gari langu, Peugeot 504 ya zamani, liliponitia adabu. Kabla sijafika Soni nilisikia harufu ya kitu kinachoungua, nikalilaumu lori lililokuwa mbele yangu. Punde usukani ukaanza kuvuta kushoto, na nilipokanyaga breki, pedeli ikazama kuliko kawaida yake. Nikarudisha gia, nikavuta breki ya mkono, nikaegesha upande wa mlima. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa linafuka moshi.

Breki iliyoshika inakusumbua mara mbili. Kwanza inashika usipoitaka, halafu inakukimbia unapoihitaji. Pedi zinapoisugua diski bila kupumzika, joto hupanda hadi mafuta ya breki yakachemka na kutoa mvuke. Mafuta hayabonyei, mvuke unabonyea, basi mguu wako unakanyaga hewa. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakikaa muda mrefu hunyonya unyevu, na hapo yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 tu. Yangu nilikuwa sikumbuki niliyabadilisha lini.

Sasa sikiliza safari yangu ya mafundi. Wa kwanza alibadilisha pedi. Wa pili akasema pistoni imekwama, nikanunua kalipa iliyotumika, nayo ikashika vilevile. Wa tatu alitaka kuigonga paipu kwa nyundo ili aiue kabisa breki ya gurudumu lile. Eti nitatembelea tatu zilizobaki! Mtindo huo unajulikana sana barabarani, nami nasema ni wazimu. Gari lenye breki upande mmoja wa mbele huvuta upande huo kila ukanyagapo, na kwenye kona yenye korongo sina haja ya kueleza zaidi.

Wa nne alikuwa mzee mmoja asiye na haraka. Hakugusa spea yoyote. Alipiga jeki, akaniambia, "Kanyaga, mzee, halafu achia." Nikaachia. Gurudumu halikuzunguka. Akafunika nipeli ya kutolea upepo kwa kitambaa, akailegeza kidogo. Mafuta yakaruka, na gurudumu likazunguka kwa kidole kimoja.

Maana yake nini? Kalipa ilikuwa nzima. Mafuta ndiyo yaliyofungiwa yasirudi. Kama gurudumu lingebaki limekaza hata baada ya kufungua nipeli, hapo tungetafuta kutu kwenye pistoni, au pini za kalipa zilizokauka grisi.

Akafunga nipeli, nikakanyaga tena na kuachia. Safari hii alilegeza nati pale paipu ya chuma inapokutana na mpira wa breki. Gurudumu likabaki limekaza. Basi kizuizi kilikuwa ndani ya mpira wenyewe, ambao kwa nje ulionekana mzima kabisa. Mzee aliufungua, akaupasua kwa kisu. Ndani ulikuwa umevimba, na tundu lake limebaki kama la sindano. Mguu wa dereva husukuma kwa nguvu nyingi, kwa hiyo mafuta hupenya. Kurudi kwake hutegemea kuachia kwa mpira mdogo unaozunguka pistoni, na nguvu hiyo ni ndogo mno kupita kwenye tundu kama lile.

Tuliweka mipira mipya miwili, kulia na kushoto, maana ilikuwa na umri mmoja. Tukamwaga mafuta yote ya zamani, tukatoa upepo.

Na kama magurudumu yote yanashika kwa pamoja, usianze na kalipa hata moja. Angalia kama pedeli ina mchezo kidogo juu, kisha iangalie masta silinda. Na uulize nani aliongeza mafuta mara ya mwisho, na aliongeza nini. Kuna madereva wanaotia oili ya injini wakikwama njiani. Oili hiyo huvimbisha mipira ya masta silinda, ikaziba kitundu cha kurudishia mafuta, na hapo kubadilisha mafuta peke yake hakutoshi. Mipira yote iliyoguswa na oili hiyo lazima itoke, na paipu zisafishwe.