OCS Akihamishwa

Msikilizaji, wapo Wakenya wengi ambao wakiibiwa usiku huamua kunyamaza. Kwenda kituoni wanaona ni kujitafutia shida ya pili: wataombwa pesa za mafuta ya gari, au warudi bila hata namba ya OB, daftari la matukio la kituo. Polisi naye hulalamika kwamba raia wanawajua wezi ila hawasemi. Wote wana sababu, lakini mzigo haulingani. Mmoja ana bunduki na pingu.

Na imani hupungua zaidi kwa matukio kama hili: Juni 2025, mwalimu kijana alikamatwa Homa Bay kwa ajili ya maandishi ya mtandaoni, akafia mikononi mwa polisi Nairobi. Taarifa ya kwanza ilidai alijigonga ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha vinginevyo, na Inspekta Jenerali wa Polisi, Douglas Kanja, akaomba radhi mbele ya Seneti. Kifo kiliwauma watu. Wepesi wa maelezo yale, kwa maoni yangu, uliwauma karibu vivyo hivyo.

Sheria ipo. Katiba ya 2010 inataka mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, na sheria iliyounda IPOA, mamlaka huru ya kuwachunguza polisi, ni ya 2011. Ila mwanakijiji haijui IPOA, anamjua OCS wake, mkuu wa kituo cha polisi. OCS anayeketi barazani na chifu, anayepokea simu na kumficha aliyepiga, huletewa habari ambazo msako hauzipati. Halafu anahamishwa, na raia wanaanza upya na mgeni.