Mtungi Unaomfikia Ng'ombe

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa ninaouzungumzia leo uko kwenye ngozi.

Ndugu zetu wenye ualbino hawana rangi ya kutosha kuwakinga na jua. Wengi wao, tangu ujanani, huota mabaka makavu usoni, masikioni na mikononi, ambayo ukiyapapasa yanakwaruza kama msasa. Kwa kuwa aghalabu hayaumi sana, nyumbani huambiwa ni ukavu tu, paka mafuta. Lakini baadhi ya mabaka hayo, yakiachwa, hugeuka saratani.

Dawa yake mojawapo ni baridi. Tabibu hupuliza juu ya baka naitrojeni iliyogeuzwa kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, kwa sekunde chache. Ngozi huwa nyeupe kama barafu. Mgonjwa husikia kama anachomwa, lakini kwa kawaida hahitaji sindano ya ganzi, wala halazwi. Hutokea lengelenge, kisha kigaga, ambacho huanguka baada ya wiki kadhaa.

Jambo hili si geni. Huko New York, daktari Campbell White alitibu ngozi kwa hewa ya kimiminika tangu mwaka 1899. Hapa kwetu, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kilianza mwaka 1992.

Lakini ugandishaji si wa kila kitu. Kidonda kisichopona, au uvimbe unaokua haraka, hukatwa kipande kikapimwe kwanza. Doa jeusi linalobadilika lisigandishwe kabla halijachunguzwa, maana baridi itaharibu ushahidi. Na sisi wenye ngozi nyeusi, tukigandishwa chunjua, tunaweza kubaki na alama nyeupe, tuulize mapema. Wala matibabu haya hayaondoi haja ya kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua.

Sasa niseme linaloniudhi. Nimesikia hoja kwamba naitrojeni ni ngumu kusafirisha, eti hupungua kila siku hata ikiwa mtunguni. Ni kweli hupungua. Lakini wafugaji wanaijua vizuri. Ndiyo inayohifadhi mbegu za madume katika Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, Usa River, na ndiyo husafiri na mbegu hizo hadi kwa mfugaji.

Ikiwa mtungi unamfikia ng'ombe, unashindwaje kumfikia mtoto wa mkulima kabla baka lake halijawa kidonda?

Sidai tumnyime ng'ombe. Nasema wakuu wa afya na wa mifugo katika kila wilaya wakae meza moja, wapange siku na gari. Nasi majumbani tusingoje maumivu. Baka lisilopona lipelekwe hospitali lingali dogo.

Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.