Mtihani kama Kipimo cha Shule
(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa ukoo)

 

Nimeombwa nitoe maoni juu ya pendekezo kwamba Mfuko wa Elimu wa ukoo uisaidie sekondari ya kijijini kwetu, Tanzania, kwa sharti moja: asilimia ya wanaofaulu kidato cha nne ipande kila mwaka. Waliopendekeza wana haki ya kudai hesabu, maana fedha hizi ni jasho la watu. Nami niliyetumikia serikali miaka mingi siogopi ukaguzi. Kinachonitia wasiwasi ni kipimo chenyewe.

Hapa Uingereza tumekiona kikifanya kazi. Sheria ya Elimu ya 1988 ilileta mtaala wa taifa na mitihani yake, na tangu 1992 matokeo ya sekondari za England yakachapishwa ili wazazi walinganishe. (Wako humu ukumbini walionunua nyumba kwa kuyatazama majedwali hayo.) Kwa miaka mingi kipimo kikuu kilikuwa asilimia ya wanafunzi waliopata angalau masomo matano kwa daraja la C au zaidi. Basi katika shule nyingi mtoto wa D akawa lulu: masomo ya ziada, simu kwa wazazi, mwalimu wa kumkazania. Mtoto wa F hakuweza kuipandisha asilimia, na wa A alikwisha kuhesabiwa. Mwaka 2016 serikali ikabadili kipimo kikuu, ikatazama hatua aliyopiga mtoto tangu amalize shule ya msingi.

Nyumbani njia ni fupi zaidi. Baadhi ya shule humchuja mtoto dhaifu kabla hajafika kidato cha nne. Huambiwa akariri darasa au ahame. Asiyeketi kwenye mtihani hashushi asilimia. Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule kumi bora Januari 2023, nasi tungeurudisha mchuano ule kwa fedha zetu wenyewe.

Naomba sharti libadilishwe. Mkuu wa shule atuletee kila mwaka idadi ya walioanza kidato cha kwanza, waliofika cha nne, na waliotoka njiani pamoja na sababu zao. Matokeo yasomwe baada ya hapo. Wamo watoto wa ukoo huu shuleni pale, na si wote wenye akili nyepesi.

Rasimu ya fomu anayo mweka hazina. Mwenye kutaka kuirekebisha anione kabla ya chakula cha mchana, kwani kura itapigwa alasiri.